UZI: "Wageni ndio wanatuletea magonjwa." Tuipime hii hoja kwa historia, kutoka Delhi hadi Dadaab

1. Kama kawaida ya ukurasa huu: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Tunachambua hoja, si watu. Hoja ya leo umeisikia redioni, kwa matatu, hata kwa matanga: ugonjwa ukizuka mahali, wa kulaumiwa ni watu waliotoka kwingine. Wakimbizi, wahamiaji, "hao wa ule mtaa." Nitaipima kwa ugonjwa mmoja ambao wengi wetu hatuujui hata kwa jina: homa ya ini aina ya E. Uzi ni mrefu kidogo, shika chai.

2. Kwanza wacha nikiri. Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa na mdahalo kuhusu kufunga kambi za wakimbizi. Nilipangwa upande wa kuunga mkono. Hoja yangu ya tatu ilikuwa magonjwa: nikataja Dadaab, 2012, homa ya ini. Nilipigiwa makofi si kidogo. Baadaye mwenzangu wa darasa, anatoka Garissa, akanifuata nje akaniuliza, "Unajua wengi waliokufa kwa huo ugonjwa walikuwa nani?" Nikamjibu, "Si wakimbizi?" Akasema, "Walikuwa akina mama wametoka tu kujifungua." Akaenda zake. Hiyo sehemu sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimesoma kichwa cha habari tu.

3. Basi nikarudi kusoma. Tuanze na ugonjwa wenyewe. Virusi vya homa ya ini E hutoka kwa choo cha mgonjwa na kuingia kwa mdomo wa mtu mwingine. Katika nchi zetu njia yake kubwa ni maji yaliyoingiwa na kinyesi, pamoja na chakula kilichooshwa au kutayarishwa kwa maji hayo. Macho hugeuka manjano, mkojo huwa kama chai ya rangi, unatapika, unakosa nguvu. Usichanganye na homa ya manjano ya mbu, hiyo ni kitu kingine kabisa.

4. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki chache. Lakini mwanamke akiupata katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, mambo hubadilika. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanawake 100 wa aina hiyo, 20 hadi 25 wanaweza kufa. Soma tena hiyo nambari. Ndiyo maana yule mwenzangu alikasirika na makofi yangu.

5. Nambari ya pili ya kushika: kutoka siku unakunywa maji machafu hadi siku macho yanageuka manjano, zinapita kati ya wiki 2 na 10. Kwa wastani ni wiki 5 au 6. Tutairudia hii baadaye kwa sababu ndiyo inaharibu siasa yote ya huu ugonjwa.

6. Sasa twende Delhi, India, mwaka wa 1955. Huu ni mji mkuu wa nchi iliyopata uhuru miaka minane tu nyuma. Sehemu kubwa ya maji ya mji ilitoka mto Yamuna, yakavutwa mahali panapoitwa Wazirabad na kusafishwa kwenye mtambo. Chini kidogo ya hapo, mtaro mkubwa wa maji taka uitwao Najafgarh ulikuwa unamwaga uchafu mtoni. Kwa mpangilio wa kawaida hakukuwa na shida: mji unachota juu, uchafu unaingia chini, mto unaupeleka mbali.

7. Mwaka huo mafuriko yakaja, na yalipopungua mto ukawa umehama njia yake. Maji taka ya Najafgarh yakaanza kurudi nyuma hadi pale pa kuchotea maji ya kunywa. Hakuna aliyehama, hakuna mgeni aliyeingia. Mto tu ulisogea.

8. Wahusika wa mtambo hawakulala. Waliona maji yamechafuka, wakaongeza shabu ya kutuliza uchafu na wakaongeza klorini. Na ilisaidia kwa upande mmoja: hakukuwa na mlipuko wa taifodi wala wa kuhara wa kuendana na uchafu ule. Bakteria walikufa. Ukipima maji kwa kipimo cha bakteria, kilichokuwa kinatumika wakati huo na bado kinatumika leo, ungesema kazi imefanyika.

9. Wiki kadhaa zikapita. Kisha kati ya Desemba 1955 na Januari 1956, Delhi ikageuka manjano. Watu takriban 29,300 walihesabiwa kuwa wagonjwa wenye dalili wazi za ini. Na madaktari wakaona jambo: wanawake wajawazito walikuwa wanaumia na kufa kuliko wengine.

10. Ilikuwaje bakteria wafe na virusi vipite? Klorini inaweza kuua virusi pia, lakini inahitaji kipimo cha kutosha, muda wa kutosha, na maji yaliyotulia. Maji yenye uchafu mwingi huila klorini kabla haijafika kazini. Bakteria wa taifodi ni rahisi kuua. Virusi ni wagumu zaidi. Kwa hivyo kuna maji yanayofaulu mtihani na bado yana ugonjwa ndani. Wakati mwingine mkubwa akisema kwa kamera "maji yamepimwa, yako salama," swali la kuuliza ni: yamepimwa nini, lini, na wapi?

11. Sasa fikiria kama mafuriko yale yangetokea mwaka ambao kambi ya wakimbizi imefunguliwa kando ya Delhi. Ungesikia nini? Nani angekumbuka kuangalia mtaro? Mimi nafikiri tungeambiwa hadi leo kwamba wageni walileta ugonjwa Delhi, na mtaro ungeachwa palepale.

12. Miaka mingi wanasayansi walidhani ule wa Delhi ulikuwa homa ya ini A, ambayo nayo hupitia choo na mdomo. Mwaka wa 1978 mlipuko mwingine ukapiga bonde la Kashmir, maelfu kwa maelfu ya watu, na wajawazito tena ndio walioumia zaidi. Daktari wa huko, Mohammad Khuroo, akaanza kusema huu si ugonjwa tunaoujua. Mwaka wa 1980 damu iliyohifadhiwa tangu Delhi ilipimwa kwa kipimo kipya, ikaonekana haikuwa A.

13. Halafu kuna Mikhail Balayan, mwanasayansi wa Kisovieti. Askari wa nchi yake waliokuwa vitani Afghanistan walikuwa wanaugua ini. Yeye alikuwa ameshapona homa ya ini A zamani, kwa hivyo alijua hiyo haitampata tena. Akachukua sampuli za kinyesi cha askari wagonjwa, akazitengeneza, akazinywa mwenyewe. Naam, alizinywa. Siku ya 36 akaugua. Akatafuta virusi kwenye kinyesi chake kwa hadubini ya elektroni, akaviona. Matokeo yalichapishwa 1983. Mwaka wa 1990 jeni za virusi hivyo zikasomwa, na jina "E" likashika.

14. Angalia orodha hadi hapa: wakazi wa mji mkuu, wakulima wa bondeni, askari wenye bunduki wa nchi kubwa. Hakuna hata kundi moja kati ya hayo ambalo mtu kwa jukwaa la siasa angeliita "wageni wachafu." Kinachowaunganisha ni maji.

15. Tusogee karibu na nyumbani. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwisho wa 2007. Vita vilikuwa vimewafukuza watu makwao, wakasongamana kambini. Vyoo vichache, visima vichache, foleni ndefu. Mlipuko ule ulipata zaidi ya watu 10,000 na kuua takriban 160. Na wale walikuwa Waganda, ndani ya Uganda, kwenye wilaya yao. Ukisema "wageni ndio huleta," Kitgum utaieleza vipi?

16. Sasa Dadaab. Kambi zilianza 1991 na zilipangiwa watu kama 90,000. Ukame na njaa ya 2011 kule Somalia vikasukuma watu wengi kuvuka, idadi ikapita laki nne. Mwisho wa mwaka huohuo usalama ukaharibika, na mashirika mengi yakapunguza kazi zao kambini. Weka hayo pamoja: watu mara nne na zaidi, kwenye vyoo na mabomba ya watu 90,000. Nusu ya pili ya 2012 homa ya ini E ikazuka. Wagonjwa zaidi ya 300 walirekodiwa. Vifo vilikuwa vichache kwa hesabu, lakini karibu vyote vilikuwa vya akina mama waliotoka kujifungua.

17. Wakati huohuo, kambi za wakimbizi za Maban kule Sudan Kusini zilikuwa na mlipuko wa maelfu. Hao walikuwa wamekimbia vita tofauti, kutoka nchi tofauti, wanaongea lugha tofauti. Ugonjwa ni uleule kwa sababu hali ya choo na maji ilikuwa ileile.

18. Najua kuna mtu anaandika jibu saa hii: "Lakini virusi havijitokezi hewani, lazima mtu alivibeba." Ni kweli, na hoja hiyo nisiifiche. Watu husafiri na vijidudu vyao. Lakini mtu mmoja mwenye virusi, akifika mahali choo kiko mbali na maji, huugua mwenyewe na story inaishia hapo karibu kila mara. Huu ugonjwa hauenei kirahisi kwa kusalimiana. Wachunguzi waliofuatilia mlipuko wa 1991 kwa wakimbizi hapa Kenya waliona maambukizi ya moja kwa moja kutoka mtu hadi mtu yalikuwa machache sana. Mtu huleta cheche. Anayeacha petroli wazi ni nani?

19. Na hii hoja ya kulaumu watu badala ya mitaro haikuanza na wanasiasa wa leo. Nairobi yenyewe ilijengwa nayo. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, na serikali ya kikoloni ikalichoma moto. Mwaka wa 1913 mtaalamu wa afya aliyeletwa kutoka Uingereza, Profesa Simpson, akapendekeza watu wa Nairobi watenganishwe kwa rangi, sababu ikiwa afya. Wazungu upande wao, Wahindi wao, Waafrika wao.

20. Matokeo yake tunaishi nayo. Mabomba ya maji na ya maji taka yalifuata mistari ile. Upande mmoja ukapata mtaro uliofunikwa, mwingine ukapata mtaro wazi, kisha wa mtaro wazi wakaambiwa wao ni wachafu kwa asili. Huo mzunguko ndio nataka uone: unawanyima watu choo, wanaugua, halafu unatumia ugonjwa wao kama sababu ya kuwanyima.

21. Leo tembea mitaa ya mabanda ya Nairobi uangalie chini. Mabomba membamba ya plastiki yamelala kwenye mtaro uleule unaobeba maji taka. Maji yakiwa na msukumo, hakuna shida sana. Maji yakikatika, bomba lenye ufa linavuta ndani kile kilicho nje. Kisha maji yanarudi, mama anajaza mtungi, yanaonekana safi kabisa. Hiyo ni Delhi ndogo, kila wiki ya mgao wa maji.

22. Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira. Inasema "kila mtu," haisemi kila mwenye kitambulisho. Jedwali la Nne likagawa kazi: huduma za maji na za maji taka ni za kaunti, mambo ya wakimbizi yakabaki kwa serikali ya kitaifa. Sasa mlipuko ukitokea penye vyote viwili, kila upande una mtu wa kunyooshea kidole. Na ukiwa mgombea, kumnyooshea asiyepiga kura ni rahisi zaidi.

23. Turudi kwa zile wiki 5 au 6. Uchafu unaingia majini leo. Maafisa wanapima baada ya mwezi na nusu, watu wakishageuka manjano. Wakati huo maji yanaweza kuwa safi tena. Kipimo kinasema sawa, kwa hivyo "si maji." Kama si maji, basi ni watu. Hivi ndivyo lawama huhama kutoka kwa bomba hadi kwa jirani, na hakuna hata mtu mmoja aliyedanganya. Kila mtu alisema alichokiona siku hiyo.

24. Kuna sababu nyingine ya kisiasa tu. Kisima kina siku ya kuzinduliwa: utepe, kamera, mtoto anakunywa maji. Bomba la maji taka linafukiwa chini na hakuna anayepiga picha nalo. Likifanya kazi vizuri, matokeo yake ni kitu ambacho hakikutokea. Utaombaje kura kwa mlipuko ambao haukuwa?

25. "Si kuna chanjo?" Ipo. China iliidhinisha chanjo ya homa ya ini E mwaka wa 2011, yaani mwaka mmoja kabla ya Dadaab. Lakini mara ya kwanza kutumika kuzima mlipuko ilikuwa 2022, Bentiu, Sudan Kusini, wajawazito wakiwemo. Miaka 11. Chanjo ni nzuri na ningependa tuizungumze zaidi, ila haifuniki mtaro. Taifodi, kipindupindu na polio hupitia njia hiyohiyo ya choo hadi mdomo, na kila mmoja unataka chanjo yake. Mtaro uliofunikwa unazuia yote kwa pamoja.

26. Kwa hivyo mkutanoni ukisikia hoja hii msimu ujao, usibishane kuhusu wageni. Uliza maswali manne. Moja, maji taka ya hapa yanaenda wapi? Mbili, kutoka hapo hadi tunapochota maji ni umbali gani, na mvua ikinyesha inakuwaje? Tatu, nani hupima maji haya, mara ngapi, na matokeo yanabandikwa wapi? Nne, bajeti ya maji taka mwaka jana ilikuwa ngapi na ilitumika ngapi? Mgombea asiyeweza kujibu hata moja hajui ugonjwa unatoka wapi, haijalishi anapaza sauti kiasi gani.

27. Mwisho, niseme kwa nini nimeandika hii leo. Dada yangu ana mimba ya miezi saba. Anaishi mtaa ambapo maji huja Jumanne na Ijumaa, siku nyingine tunanunua ya mkokoteni, na hakuna anayejua mwenye mkokoteni amechota wapi. Tunachemsha yote, hata ya kuoshea mboga na matunda, hadi yatokote kabisa. Gesi inaisha haraka na yeye hunung'unika. Mimi huwa namwambia achemshe tu.

28. Wale akina mama wa Dadaab hawakuwa na tofauti na yeye, ila hawakuwa na gesi. Yule mwenzangu wa darasa nilimtafuta baadaye nikamwomba radhi. Akaniambia radhi si kwake, nirudi pale pale nilipopigiwa makofi niseme. Ukumbi ule sina tena, nina ukurasa huu. Basi nimesema.

Mwisho wa uzi. Kama eneo lako unajua maji taka yanaishia wapi, andika hapo chini bila kutaja jina la mtu. Kama hujui, hilo pia ni jibu.